Maji ya Darasa la Sita

Mjukuu wangu Fatu,

Marahaba, shikamoo yako imefika Newala salama. Babu yako anakohoa kidogo tu, na mikorosho imechanua mpaka uwanja wote unanukia.

Unauliza mimi nilifundishaje kompyuta bila umeme. Enzi za ruksa, vitu vya nje vilipoanza kuingia, shule yetu ilipewa kompyuta moja, ikakaa ofisini imefunikwa kanga. Basi nikawaambia darasa la sita: kompyuta ni mimi, niandikieni ubaoni amri za kujaza mtungi. Mwanafunzi mmoja, Somoe, akaandika: "Chota. Mimina. Rudia."

Nikachota, nikamimina. Mtungi ulipojaa nikaendelea, na maji waliyoyabeba kichwani toka bondeni yakatambaa sakafuni taratibu, yanang'aa kama kitu cha ndotoni.

"Mwalimu, umejaa," Somoe akasema.

"Sijaambiwa niache," nikajibu.

Akakimbilia chaki, machozi yanamlengalenga, akaongeza: "Ukijaa, acha."

Kompyuta ile sikuwahi kuiona ikiwaka. Lakini mpaka leo nikijaza mtungi, husikia chaki ikikwaruza nyuma yangu, na mkono unasimama wenyewe.

Wasalimie wanafunzi wako.

Bibi yako