Babu Yako Upande wa Akina Mama

Neema mjukuu wangu,

Huku Endabash hatujambo, mahindi yamebeba vizuri. Umeuliza mbona babu yako hukaa upande wa akina mama kanisani.

Miaka ya sabini pombe ilimteka, akaacha ibada. Kila Jumapili nilimwekea nafasi kwenye benchi langu. Wenzangu walinicheka: "Mama Yohana, mwanaume gani atakaa huku?"

Jumapili moja, katikati ya wimbo, akaingia. Akawapita wanaume wote, akaketi ubavuni kwangu. Mzee wa kanisa akamnong'oneza, "Umekosea upande."

Babu akajibu kwa sauti, "Hapa ndipo niliposubiriwa."

Vigelegele vikaufunika wimbo! Tangu hapo pombe hajaionja, wala benchi hajalihama.

Krismasi njoo, tutasogea benchini upate nafasi.

Bibi yako