Karatasi Niliyoibandua Ukutani

Mpendwa mshauri, Mama Elirehema,

Shikamoo. Naomba msaada wako, kwani jambo hili nimelibeba tangu mwezi Mei na sasa, matokeo ya kidato cha sita yakiwa yanasubiriwa siku yoyote, limenizidi nguvu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitano, mhitimu wa shahada ya ualimu wa sayansi, na wakati nikisubiri ajira nilianzisha darasa la tuisheni katika chumba kimoja hapa Soweto, Moshi, ambamo nimefundisha kemia kwa bidii na, naomba nisieleweke kama ninajisifu, kwa mafanikio kiasi kwamba wazazi kutoka Marangu hadi Holili walianza kuniletea watoto wao, nami nikawa na shauku kubwa ya kuonekana mwalimu asiyekosea.

Mwaka huu nilikuwa na wanafunzi saba, mmoja wao Yuditha, binti wa Mzee Eliakim wa Machame, msichana mtulivu anayetaka kusomea udaktari na ambaye shule yake ilikaa karibu mwaka mzima bila mwalimu wa kemia, hivyo wenzake walikuwa na walimu wawili, wa shuleni na mimi, ilhali yeye alikuwa na mimi tu. Katika likizo ya mwisho kabla ya mtihani nilibandika ukutani karatasi kubwa yenye orodha ya mada zote, nikapiga mstari mwekundu juu ya elektrokemia, nikawaambia, kwa kujiamini ambako leo kunanitia aibu, "Hii ilitoka mwaka jana, hairudi. Msipoteze muda." Mama, ilirudi, tena katika swali kubwa.

Nilizipata habari hizo kwa mwalimu mwenzangu, na siku wanafunzi walipokuja kunisalimia baada ya mitihani nilikuwa nimekwisha kuibandua ile karatasi. Yuditha alisimama mlangoni akasema, "Mwalimu, nisamehe, nimekuangusha. Lile swali sikuandika hata mstari mmoja." Nami, badala ya kusema ukweli, nikamjibu mbele ya wote, "Mimi nilisema mpitie kila kitu. Nani alikwambia uache mada?" Akautazama ukuta, ukuta ulikuwa mtupu, kisha akasema polepole, "Basi nitakuwa sikuelewa." Wenzake sita wakainamisha vichwa, na kwa heshima yao kwangu hakuna aliyenisuta.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, nilikwenda kwao kusalimia. Mzee Eliakim alinipokea kwa furaha: "Mwalimu, karibu! Njoo umtibu daktari wetu, amegoma kula." Mama yake Yuditha alimsogezea binti bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, akamwambia, "Kula, mwanangu. Matokeo hayasahihishwi kwa njaa." Yuditha, aliyekuwa ametoka kuwakatia ng'ombe majani, alijibu bila kuinua macho, "Baba, usiniite daktari tena. Mimi nilipuuza mafundisho ya mwalimu." Mzee akanigeukia, akanishukuru kwa kumvumilia binti yake, nami, Mama, nikamaliza mtori wangu wote, nikaaga.

Sasa nimewaza njia mbili. Akifaulu, nisiseme lolote, kwa kuwa hakuna atakayekuwa ameumia. Asipofaulu, nimpelekee Mzee Eliakim isale, lile jani la kuombea msamaha ambalo kwetu Wachagga mtu akiletewa hana namna ya kukataa, na baada ya kulipokea ndipo nimweleze kosa lenyewe. Je, utaratibu huu unafaa, au niende na isale mapema kabla ya matokeo, bila kufafanua sababu? Jina langu ndiyo mali pekee niliyonayo hadi sasa, nami naogopa kulipoteza.

Wako katika majuto,
Mwalimu wa Soweto.

MAMA ELIREHEMA ANAJIBU

Mwalimu, marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliweka chai yangu pembeni ikapoa.

Nianze na jepesi. Kukisia mada si uhalifu. Walimu wenye mvi wamekisia wakakosea, na wewe ulikuwa unawatafutia watoto wa watu njia fupi huku ajira yenyewe huijui itakuja lini. Hilo nakuhurumia, na ninaamini hata Yuditha angekuhurumia kama ungemwachia nafasi ya kufanya hivyo. Lakini hukumwachia. Ulimpa kosa lako alibebe, na mtoto wa watu amelibeba kwa adabu hadi mezani kwa baba yake, wewe ukiwa umekaa hapo hapo unakunywa mtori.

Unasema akifaulu hakuna atakayekuwa ameumia. Kijana, ameshaumia! Binti asiyetaka kuitwa daktari na baba yake hangojei matokeo ili aumie. Ameanza kuamini kwamba masikio yake na akili yake havifai, na imani hiyo atakwenda nayo chuoni hata akipata alama za juu kabisa.

Tuje kwenye isale. Mimi pia ni wa mlimani, nimeona isale ikipatanisha ndugu waliokuwa hawapeani hata moto wa jikoni. Lakini aliyeileta alisema kwanza amekosa nini. Ukimkabidhi mtu jani huku umefumba mdomo, unamfunga mikono kabla hajajua amefanyiwa nini, na huo ni ujanja mwingine juu ya ule wa kwanza. Halafu unampelekea Mzee Eliakim! Yeye ulimkosea, ndiyo, kwa kupokea shukrani zisizo zako. Ila uliyemvunja moyo ni Yuditha. Jani ni lake.

Kwa hiyo fanya hivi. Usingoje matokeo, maana yakishatoka neno lako halina thamani: akifaulu utaonekana unatafuta sifa ya unyenyekevu, akikosa utaonekana umesukumwa. Jumamosi hii panda Machame mchana kweupe. Ile karatasi najua hukuichana, watu kama wewe hawachani walichoandika kwa mkono wao. Ibebe. Ikunjue mbele ya Yuditha na wazazi wake, mwoneshe mstari mwekundu, umwambie alisikia sawasawa na ulimsingizia. Isale ifuate baada ya hapo, akitaka kuipokea. Asipotaka, rudi nayo nyumbani, usimlazimishe kwa mila.

Jioni waandikie wale sita maneno hayo hayo. Ulimwaibisha mbele yao, msafishe mbele yao. Pengine wazazi wawili watatu watahamisha watoto. Kubali.

Siku ya matokeo usimpigie simu wewe wa kwanza, mwache ayafungue mwenyewe. Kama alama hazitoshi, kaa naye mtazame kozi nyingine za afya, au arudie kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na elektrokemia umfundishe wewe, tangu ukurasa wa kwanza.

Jambo la mwisho. Atakuuliza kwa nini ulimsingizia. Usimjibu kwa Kiswahili kirefu cha barua yako. Mwambie, "Niliogopa," kisha unyamaze, umsikilize.