Dagaa wa Mama Mkwe

Mama Naomi mpenzi,

Kwenu Mukuju nimefika salama, mvua ikanipokea kabla ya watu. Pua bado haijarudi kunusa tangu yale mafua.

Njiani, pale Busia, niliingia sokoni kumnunulia mama yako dagaa. Muuzaji akanisogezea gunia, akasema, "Nusa kwanza, mzee." Nikanusa taratibu kama mtu anayejua, nikamwambia nipimie hao hao. Akaniuliza kama ninafuga. Nikadhani ni mazungumzo tu.

Hapa nyumbani mdogo wako alifungua mfuko, akaufunga. Walikuwa dagaa wa chakula cha kuku. Mama yako, ambaye kwa heshima ya ukwe bado anaongea nami akiwa nyuma ya mlango, akasema, "Asante sana, mukwe. Kuku itashiba." Hakuna aliyecheka mbele yangu. Jogoo sasa ananifuata hadi chooni.

Leo asubuhi nimekaa uani, nikasikia harufu ya kwanza tangu niugue. Ulikuwa moshi wa jikoni kwa mama yako. Ndiyo harufu iliyokuwa kwenye nguo zako ulipokuja kwangu mara ya kwanza. Miaka yote hii nilidhani ni mafuta uliyojipaka, na yalipoisha sikutaka kuuliza.

Jikoni kwa mkwe siingii, kwa hiyo nimemwomba mdogo wako atundike koti langu humo mpaka nitakapoondoka. Usilifue kabla hujalinusa.

Wako,
Baba Naomi