Kopo Uliloponda Kando ya Tangi

Ruiru, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Baba yangu,

Watoto wamelala wote wawili, jambo ambalo si la kila siku, nami nimeketi mlangoni na kitabu cha sayansi magotini. Badala ya kukisoma nakuandikia wewe. Naandika Kiswahili kwa kuwa ndicho ulichojifunzia kusoma kwenye darasa la watu wazima, ukifuata maneno kwa kidole chenye ukucha mweusi wa utomvu wa kahawa. Tangu tukuzike sijakusemesha hata mara moja. Leo nina sababu.

Jumatatu nitapanda gari la moshi la asubuhi kwenda Thika, kufanya mtihani wa kuingia mafunzo ya ukunga. Pasi ya kuniruhusu kusafiri imeshapigwa muhuri. Mama mkwe amekubali kubaki na watoto. Kilichobaki ni mimi mwenyewe. Hesabu siiogopi. Ninachoogopa ni sayansi, na ndani ya sayansi ni ile sura moja unayoijua: kwa nini vitu vingine huelea na vingine huzama.

Unakumbuka swali hilo lilivyotukosanisha.

Wewe ulikuwa mtu wa tangi katika kiwanda cha kahawa kule Theta. Kahawa mbivu ikimwagwa majini, nzito zilizama na nyepesi zikabaki juu, na kazi yako ilikuwa kuziondoa hizo za juu kwa ubao wenye mpini mrefu. Nikikuletea uji, ulikuwa ukiokota moja iliyoelea, unaipasua kwa kidole gumba, unanionyesha. Tupu ndani. Au mdudu amekula akaondoka.

"Unaona, mama? Ikielea, ujue ina kasoro."

Uliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Nilikuwa na miaka saba, na tayari nina mtoto mwenye ndevu.

Basi siku mwalimu alipouliza darasani kwa nini ubao huelea, mkono wangu ulikuwa wa kwanza.

"Kwa sababu umeharibika ndani, mwalimu."

Hakunichapa. Aliuliza tu, polepole, "Na meli ya chuma inayovuka bahari?"

Nami nikashikilia langu. "Hata hiyo haikosi kasoro mahali."

Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Muhula mzima waliniita Meli. "Meli, leo umeoza wapi?" Nilirudi nyumbani jioni hiyo nikakukuta unaosha miguu, nikakutupia neno ambalo nimelibeba mpaka leo: "Wewe unajua matope ya kahawa tu. Sayansi huijui."

Mama aliacha kuchambua maharagwe. Nilingoja kofi. Wewe ukamaliza kuosha mguu wa pili, ukavaa viatu vyako vya tairi, ukatoka nje. Afadhali lingekuwa kofi.

Jumamosi yake uliniita tangini. Ulikuwa na nyundo, na kopo tupu la mafuta ya kupikia. Uliliweka kopo majini, likaelea.

"Hili nalo limeoza?"

Ukalitoa, ukaliweka juu ya jiwe, ukalitwanga mpaka likawa bapa kama chapati, kisha ukalirudisha majini. Lilizama moja kwa moja. Ulisimama ukilitazama kule chini, ukijikuna shingo, na nikaona kwamba hata wewe ulikuwa hujui litafanya nini. Hukuja kunifundisha. Ulikuja kutafuta.

"Bati ni lile lile," ulisema. "Sikuongeza kitu, sikupunguza kitu. Nimeliondolea tumbo tu."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo tumekosea sote wawili, mama. Kasoro ni maneno ya kahawa. Maji hayajui kasoro. Yanauliza tu: una uzito gani, na umechukua nafasi kubwa kiasi gani?"

Kitabu hiki cha Kiingereza kimetumia ukurasa na nusu kusema hayo. Wiki hii nimekirudia chote tangu mwanzo, na karibu kila sura nakukuta humo. Wanaeleza mtu awezavyo kuinua mzigo mkubwa kwa nguvu ndogo, nami nakuona na mtaimbo wako, unasogeza jiwe la kuegemea karibu na kisiki, unaning'inia mwishoni kama mtoto mpaka mizizi ikatike. Wanaeleza kwa nini chuma hupitisha joto na mti haupitishi upesi, namsikia mama akigomba, "Nani ameacha kijiko sufuriani na mwiko upo?" Laiti ningejua hayo yote yalikuwa sayansi, ningekuwa mtoto mwenye adabu zaidi.

Lile kopo bapa nililipeleka shuleni. Mwalimu aliliweka dirishani na jina la Meli likaisha polepole. Nilijiona nimeshinda. Lakini wewe sikukurudia, sikusema nisamehe. Nilidhani siku zipo. Kisha nikaolewa, kisha ukaugua, na nilipofika na neno langu ulikuwa husikii tena.

Sasa nikwambie ya wiki hii.

Jirani yangu wa mlango wa tatu alinikuta nikinyonyesha huku nasoma. "Wewe nawe bado unasoma? Akili ya mwanamke hutoka na maziwa. Nusu ya yako aliinywa yule mkubwa, na huyu anamalizia." Wanawake waliokuwa nasi uani wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini neno liliingia, likakaa. Usiombe usingizi wa vipande vipande, Baba. Jumanne nilisoma ile sura mara nne. Ati maji husukuma kitu juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyaondoa. Macho yalipita juu ya maneno kama mtu anayepita soko lililofungwa. Nikaona wanasema kweli: nimekuwa ile kahawa ya juu, tupu ndani. Nikaandika karatasi ya kumwomba mkuu wa wauguzi afute jina langu, nikaikunja, nikaiweka chini ya taa.

Kisha nikamwogesha mtoto. Ni mvulana wangu wa pili, na kwa desturi yetu wa pili hupewa jina la babu mzaa mama; jina lake ni lako, na kwa hivyo namwita Baba. Ungesikia unavyogombezwa siku hizi! "Baba, toa kidole puani. Baba, nani amekupa makaa ule?"

Nilimshusha karaini, mkono wangu mmoja chini ya mgongo wake. Mkono huo ulikuwa ukiniuma tangu alfajiri, na hapo ukapumzika. Nikamwinua: mzito. Nikamshusha: mwepesi. Nikatazama ukingo wa karai. Maji yalikuwa yamepanda, kwa sababu yeye alikuwa amechukua nafasi yao. Kumbe ni hayo! Yale aliyoyasogeza, uzito wao ndio uliokuwa ukinisaidia kumbeba. Nikamwinua tena, nikamshusha tena, mpaka akadhani ni mchezo, akapiga maji yakaniingia machoni. Mwaka mzima nimemwogesha kila siku, na mkono ulikuwa unajua kabla yangu.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo lako lingine. Siku za kahawa nyingi mnyapara alikuwa akikupigia kelele, "Toa hizo takataka za juu, tuendelee!" Nawe unajibu bila kugeuka, "Bado sijakoroga." Uliniambia kwamba nyingine ni nzima kabisa, ila zimebebwa mgongoni na wenzao, au zimeshikwa na pumzi kidogo ya hewa. Ukikoroga, zinashuka zenyewe. Nilizihesabu siku moja. Zilikuwa nyingi.

Ile karatasi nimewashia moto wa chai.

Leo asubuhi jirani ameniuliza, "Kwa hivyo bado unaenda?"

"Naenda."

"Na ukianguka?"

"Nikianguka nitarudi nikuambie. Lakini sitolewi kabla sijakorogwa."

Alinitazama kana kwamba nina homa. Sikumweleza. Haya ni ya mimi na wewe.

Mtihani nitaujibu kwa maneno ya kitabu, kwa kuwa ndiyo yenye alama. Ila nataka ujue nitakuwa nikiyatoa wapi. Na lile neno la jioni ya maharagwe nalirudisha, Baba, mbele ya kila atakayesoma hapa. Sayansi uliijua. Uliijua kuliko mimi, kwa sababu ulipokosea ulikwenda kutafuta nyundo.

Pumzika huko uliko. Jumatatu, gari likivuka daraja, nitatazama upande wa Theta.

Niishie hapa. Baba ameamka, nasikia ananiita mama.

Ni mimi,
binti yako