Triza, Uliyewaandika Waliorudi Bila Dawa

Mwaka mmoja umetimia, Triza, tangu ulipotutoka asubuhi ya tarehe 9 Machi 1996, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Hapa Jericho bado tunaamka saa kumi na moja, saa uliyozoea kutuamsha kwa kupiga deki.

Ulikuwa karani katika zahanati ya mtaa kwa miaka kumi na mmoja. Kabla hujauliza mtoto anaumwa nini, uliuliza anaitwa nani. Wajawazito uliwapa kiti chako, ukaandika umesimama. Mama yako, Nabalayo, aliyaona hayo siku alipokuja kupimwa presha, ingawa hakukuambia.

Kila mwezi zahanati zilipimwa kwa muda ambao wagonjwa walingoja. Yenu ilisifiwa, kwa sababu waliochoka kungoja wakaenda zao hawakuhesabiwa. Ukaanza kusimama langoni na daftari, ukiwaandika jina, mtaa, na saa waliyoondoka. Ulipowajumlisha kwenye ripoti ya mwezi huo, zahanati yenu ikawa ya mwisho.

Msimamizi wako, muuguzi Mukami, alisema umewaanika wenzako, na kwamba angeomba uhamishiwe mbali. Ulikuwa na watoto wawili shuleni. Ukamjibu polepole, "Sista, huyu mwenye mtoto wa surua amerudi nyumbani. Nisipomwandika hapa, nimwandike wapi?"

Majuma matatu ulikula chakula cha mchana peke yako. Nyumbani hukumsema mtu vibaya. Ulisema tu kwamba kazi ni nyingi. Ripoti ilipowafikia wakubwa, walikuja kuitazama foleni kwa macho yao. Barua ya uhamisho haikuja. Alikuja muuguzi wa pili, na mlango ukaanza kufunguliwa mapema, saa moja asubuhi.

Juzi Mukami alitutembelea, amebeba sukari na majani ya chai. Siku hizi daftari la langoni analiandika yeye. Mama yako alimuuliza mwezi huu waliorudi bila kutibiwa ni wangapi.

"Watatu, mama," alisema. "Na wote nimewafuata kwao."

Unakumbukwa na mumeo, Javan Shiundu; watoto wako, Kweyu na Nakhumicha; mama yako, Nabalayo; ndugu zako wa mtaa wa Lucky Summer; majirani wa Jericho; na wenzako wote wa zahanati, Mukami akiwemo.

Siku zote tutakukumbuka, Triza wetu.