Kiti cha Profesa wa Beton

Yaya Ngoie, mkubwa wangu,

Ita watu wote wa lupango, ua mzima, wavue kofia, wanyamaze: juma hili, kiti kimoja cha mbao, chenye mto mwekundu, kimetolewa katika auditoire, ukumbi wa masomo wa chuo. Sasa wanaweza kukaa.

Goti lako linasemaje? Mihogo imekauka? Huku mtaani Bel-Air nyumba inavuja lakini mimi mzima, mzima kupita kiasi, maana kile kiti ni cha Profesa wa beton, zege, alichokikalia akituandikisha. Yule niliyemuuliza kwa nini boriti inapasuka upande wa chini, akanifukuza mbele ya wote: «We wa ku Mitwaba, huku tunaandikaka, hatuulizake!» Masomo yangu yalifia pale mlangoni.

Mungu halali, Yaya. Faculté ya mainjinia imeamua walimu wake wajifunze kufundisha upya, waache wanafunzi waulize na kujaribu. Kazi ya kuwafunza, ya formateur, nimepewa mimi, niliyekimbilia kusomea ualimu baada ya mlango ule. Basi nikamkalisha Profesa kwenye banc ya wanafunzi, magoti karibu na kidevu, nikamwambia aandike. Nikamsomea somo lake mwenyewe, lile la zamani, kwa mbio zake mwenyewe: virgule, point, à la ligne, kila mkato, kila nukta, kila mstari mpya. Wenzake wakachekea mikononi. Jasho likamtoka. Mwisho akainua kidole.

«Polepole kidogo, Papa formateur.»

«Huku tunaandikaka,» nikasema, «hatuulizake.»

Neno lile nilikuwa nimelitunza kama pombe ya arusi. Akanitazama. Akanikumbuka. Hapo nikashiba.

Kesho yake akafundisha somo la majaribio bila kiti: akagawa vipande vya muhogo mbichi, kila mtu agandamize chake katikati, aone ufa unafunguka wapi. Upande wa chini. Mimi pia nilivunja changu. Asante sikumpa.

Nisalimie mama mkubwa muuza makala ya kupikia, shemeji wa lori, na mjomba katekista. Huyo mwambie najua kisasi ni cha Bwana, ila siku ile Bwana alinikopesha kidogo.

Mdogo wako asiyejuta,
Ilunga

Barua nilikuwa sijaifunga. Leo Jumatatu nimepita auditoire. Wanafunzi walimwambia, «Profesa, kama hautuandikishe, siku ya mutihani tutajibu nini?» Kiti wamekirudisha wao wenyewe.