Mukimo wa Kuziba Ufa

Misheck,

Chai iko kwenye thamosi. Hamisha mbuzi kabla hajamaliza sukumawiki. Mimi nimeenda kuchuna majani chai.

Mukimo wangu wa viazi na mahindi uliobaki ~~nimempa mbwa~~ uko kwenye sufuria, lakini usiuguse. Si ulisema asubuhi, mbele ya mama yako, kwamba ukikauka unafaa kuziba ufa wa ukuta? Basi ziba.

Nilikasirika, Misheck. Tangu unioe, mama yako ananikaribisha kama mgeni: kiti kizuri, kikombe cha maua, "asante" kila saa. Nikajua leo nimeaibika kabisa. Lakini ulipotoka tu, alijipakulia mukimo tena akasema, "Mwache huyo. Hata baba yake alikuwa anautukana wangu hivyo hivyo, na tulimzika na kitambi." Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Halafu akanikazia macho. "Na wewe, mbona bado umekaa? Kuni zitajileta?"

Mgeni hatumwi kuni. Nilizibeba nikiimba.

Kwa hivyo kula tu. Ufa pia uzibe, lakini kwa simiti.

~~Mke wako~~
Binti ya mama yako,
Wanjira